Huyu Art Arfons, hadithi yake ina chumvi kiasi gani?

spanaboi_Gerezani

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi magari hapa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa 4 sasa, bado naitwa spana boi ingawa gia boksi ya Noah naishusha na kuipandisha peke yangu.

Leo mchana tulikuwa tumekaa tunamsubiri mteja alete hela ya spea, mwenzangu akatoa simu akatuonyesha picha ya zamani. Gari la kijani, mbele lina tundu kubwa kama mdomo wa kambare, huku na huku ubavuni kuna vibanda viwili, kimoja ndiyo anakaa dereva. Chini imeandikwa kwamba aliyeliunda ni marehemu Art Arfons wa Akron, Ohio, huko Marekani. Eti kwao walikuwa na kinu cha kusaga chakula cha mifugo, na chuo cha uhandisi hakukijua. Alinunua injini ya ndege ya kivita kwenye chuma chakavu kwa dola 600, akaifufua nyuma ya nyumba yake, akaifunga kwenye gari, akavunja rekodi ya dunia ya mwendo kasi wa nchi kavu mara 3.

Bosi wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kasema hapo chumvi imezidi mboga. Mimi nikabisha, basi tumewekeana supu ya makongoro na chapati mbili.

Naomba wenye kujua mnisaidie. Ni kweli au jamaa kapigwa picha tu? Injini ya ndege iliyokufa inafufukaje bila kiwanda? Na alikufaje, maana bosi anasema watu wa aina hiyo hawafii kitandani.

Mwana_wa_Grogan

Dola mia sita? Hapa Grogan, kwenye spea za Nairobi, hiyo pesa haikupi hata injini nzuri ya Subaru, sembuse ya ndege. Hizo ni story za jaba, bro. Lipa supu mapema uokoe urafiki.

Mzee_wa_Kitonga

Kijana, mwambie bosi wako aanze kutafuta hela ya supu. Na wewe wa Grogan subiri kwanza. Chumvi ipo, tena ya kutosha, ila ilikuwa chini ya matairi.

Mimi ni mtu wa Iringa, nimekuja huku kwa ile bahati nasibu ya viza, nikaingia Akron Agosti 2007. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kupanga matairi usiku kwenye ghala. Sikuwahi kumwona huyo Arfons. Nilimjua kwa sababu amekufa. Ilikuwa Desemba, theluji ya kwanza maishani mwangu, naingia chumba cha chai namkuta mzee mmoja wa kizungu tunayefanya naye kazi, mtu wa maneno mengi siku zote, amekaa kimya na gazeti. Nikamuuliza kuna msiba? Akanigeuzia ukurasa. Art Arfons, alizaliwa Februari 3, 1926, amefariki Desemba 3, 2007, miaka 81. Kwa hiyo mwambie bosi: gari halikumuua, ingawa lilijaribu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiokota habari zake kama mtu anayeokota nati chini ya gari. Nakupa nilizo na uhakika nazo.

Baba yake alitoka Ugiriki, akafungua kinu Pickle Road, nje kidogo ya Akron. Kijana alikua anatengeneza mashine za kinu. Vita Kuu ya Pili ikamchukua, akaingia jeshi la maji, fundi wa dizeli kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni, huko Pasifiki. Shule yake ya ufundi ndiyo hiyo. Mwaka 1952 yeye na kaka yake Walt, mama mmoja baba mbalimbali, walikwenda kutazama watu wakishindana kwenye uwanja wa ndege wa Akron. Mbio za dragi: magari mawili yanasimama sambamba, yanaondoka pamoja, robo maili moja kwa moja, mita 402, wa kwanza kufika ndiye. Hakuna kona. Wakaona hili tunaliweza.

Gari lao la kwanza lilikuwa na magurudumu matatu, injini ya Oldsmobile ya silinda 6, na rangi iliyopatikana nyumbani ilikuwa ya trekta, ya kijani, imebaki kwenye kopo. Wakaipaka kwa brashi. Walipoingia uwanjani mtangazaji alilitazama lile dude akalitangaza kwa jina la Green Monster, yaani zimwi la kijani. Watu wakacheka. Jina likaganda, na kila gari alilounda Art baada ya hapo akaliita hivyo hivyo.

Sasa hapa ndipo mafundi tunapomwelewa kuliko wanahistoria. Vita imekwisha, Marekani imejaa injini za ndege zisizo na kazi, zinauzwa kwa kilo. Wenzake wakakazana kunoa injini za magari. Yeye akaenda kununua Allison, injini ya ndege za kivita, silinda 12, lita 28. Lita 28! Fuso yako ina ngapi? Akaifunga kwenye gari akaanza kuwapiga watu. Alikuwa wa kwanza kupita maili 150 kwa saa, kama kilomita 241, ndani ya ile robo maili.

Halafu akahamia jeti. Hiyo ya dola 600 ni kweli, ni J79 ya General Electric, ile ya ndege ya F-104 Starfighter. Ilikuwa imemeza kitu ikaharibika ndani, ikatupwa. Alipoomba kiwanda kitabu cha maelekezo, walimkatalia, ile injini bado ilikuwa siri ya jeshi. Akaitengeneza hivyo hivyo. Kuijaribu, aliifunga kwenye miti nyuma ya nyumba akaiwasha. Majirani walilalamika, na mimi ningelalamika.

Oktoba 5, 1964, Bonneville, tambarare ya chumvi katika jimbo la Utah: kilomita 698 kwa saa. Rekodi ya dunia. Siku 3 kabla yake gari la kaka yake Walt, likiendeshwa na Tom Green, lilikuwa limeweka 665. Nisikilize vizuri hapo: ndugu wawili, nyumba zao jirani Pickle Road, na walikuwa hawasemezani. Art alivalishwa matairi na Firestone, Walt na Goodyear, na viwanda vyote viwili makao yake yalikuwa hapa hapa Akron. Mji ulikuwa unashindana wenyewe kwa wenyewe, kilomita 3,000 kutoka nyumbani, juu ya chumvi.

Rekodi ya Art ilikaa siku 8. Oktoba 13 Craig Breedlove wa California akaweka 754, tarehe 15 akaweka 847, siku hiyo miavuli ya kufungia breki ikakatika, akapitiliza hadi akatumbukia kwenye bwawa la maji ya chumvi, akatoka anaogelea na mzaha juu. (Huyu naye tumemzika, Aprili 2023.) Oktoba 27 Art akarudi: 863. Hiyo ikadumu mwaka. Novemba 2, 1965 Breedlove akaweka 894. Siku 5 baadaye Art: 927. Siku 8 tena, Breedlove: 966.

Mara ya kwanza siku 8, mara ya mwisho siku 8. Mtu anakesha miezi, anachomelea, anakopa, anasafiri, halafu anakuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani kwa muda ambao mimi nasubiri spea kutoka Dar.

spanaboi_Gerezani

Shikamoo mzee. Hapo nimepiga kelele mpaka bosi kageuka. Kakubali nusu. Anasema sawa, gari lilikuwepo, ila injini iliyoharibika ya ndege haitengenezwi uani, na eti hata ikiwaka utaiunganisha na gia boksi gani ihimili nguvu hiyo?

Hanga_Namba2

Mimi ni fundi wa ndege Nairobi, na si kawaida yangu kuandika huku, ila hilo swali la gia boksi limenichekesha.

Hakuna gia boksi. Hakuna propela shafti, hakuna klachi. Jeti inavuta hewa mbele, inaikandamiza, inamwagia mafuta na kuwasha, hewa moto inatoka nyuma kwa kishindo na gari linasukumwa mbele. Magurudumu yanajizungukia tu kama ya mkokoteni. J79 ina safu 17 za visu vya kukandamiza hewa, na ukifungua mafuta yale ya ziada yanayowashwa kule nyuma kabisa kwenye bomba, unapata msukumo wa tani 7 na ushei. Starfighter ilipita mara mbili ya kasi ya sauti kwa hiyo injini moja.

Sasa kuhusu kumeza kitu. Huo ndio ugonjwa tunaouogopa kuliko yote. Kila asubuhi tunatembea kwenye lami tumeinama, mstari mzima wa watu wazima, tunaokota nati, waya, kifuniko cha kalamu. Kisu kimoja kikipata pengo, kinapiga cha nyuma yake, hicho kinapiga kingine. Jeshini injini kama hiyo haina mjadala, inatupwa, maana juu kuna rubani na chini kuna watu. Lakini kwa mtu anayetaka dakika moja ya nguvu kwenye tambarare, si lazima iwe nzima kama ya kiwandani. Kazi yake ni kuifungua, kutoa vilivyokufa, na kuhakikisha kinachobaki kinazunguka bila kutikisika. Mizani ndiyo kila kitu. Kwa hiyo mwambie bosi inawezekana uani, kwa mtu mwenye subira na mkono mtulivu.

Ila kuifunga kwenye mti, hapana. Sisi tuna ukuta wa zege, nyaya za chuma, na zimamoto wamesimama. Huyo mzee alikuwa na kichaa chake kidogo.

Mwana_wa_Grogan

Sawa, nimenyamaza. Lakini mbona kila mtu anamsifu tu? Nimegoogle. 1971, Dallas, gari lake la jeti lilianguka uwanjani watu watatu wakafa. Hiyo Mzee ameruka kama shimo la barabara.

Mzee_wa_Kitonga

Sijaruka, nilikuwa njiani. Marahaba, kijana. Na ahsante fundi wa hanga, hiyo ya mkokoteni nitaiiba.

Ni kweli, 1971, Dallas, watatu, mmoja wao mwandishi wa habari wa televisheni. Sina la kulipaka rangi hilo. Baada ya hapo aliachana na mbio za jeti. Ukisikia mtu anamsimulia Arfons bila Dallas, ujue anauza fulana.

Ila ajali ninayoijua mimi kwa mwili wangu ni ya 1966. Novemba 17, Bonneville, anataka kumpokonya Breedlove ile 966. Yuko maili 610 kwa saa, kilomita 980 hivi. Beringi ya gurudumu ikagoma. Injini ya jeshi, tani 7 za msukumo, na kilichomwangusha ni beringi, kitu unachokishika kiganjani. Gari lilibingirika na kubingirika, vipande vikatapakaa kwenye chumvi yote ile. Waliokimbilia pale walikwenda kuokota maiti. Wakamkuta hai, na michubuko.

Nasema naijua kwa mwili kwa sababu 1994 nilikuwa spana boi kama wewe, Makambako. Nilipewa Fuso niweke beringi mpya za mbele. Nikasafisha, nikapaka grisi nzuri kwa kiganja, kazi ya kupendeza. Halafu nikakaza nati. Nilikuwa kijana, nikadhani kukaza ndiyo uaminifu, nikaning'inia kwenye spana na bomba juu yake. Hakuna aliyeniambia beringi ya koni inataka nafasi kidogo ipumue. Gari likapakia viazi, nikapanda kama utingo, tukateremka Kitonga. Katikati ya mlima nikanusa grisi inaungua. Nikadhani ni breki. Kisha likalia, siyo kupasuka, ni kulia, kama mbuzi. Dereva akasema, "Wewe, hilo tairi ni la nani?" Tairi letu la kushoto lilikuwa linatupita dirishani, linateremka peke yake bila haraka, likaruka ukingo likapotea bondeni. Sisi tukakwaruza ukuta wa mwamba tukasimama. Hakufa mtu. Viazi vyote vilikwenda kwa wasamaria wema.

Mwendo wetu ulikuwa kama 40. Kila nikisoma 980 nakunja vidole vya miguu.

Baada ya jeti akahamia kwenye matrekta, yale mashindano ya kuvuta mzigo mzito ambayo watu wa mashambani huku wanayapenda kama sisi mpira. Akafunga injini ya tabini, ndugu ya jeti, kwenye trekta, ya kijani vilevile, na watoto wake wakaingia naye. Ungedhani hapo ametulia. Mwaka 1989, miaka 63, akarudi Bonneville na gari jingine dogo jepesi, akaendelea kujaribu hadi 1991. Rekodi hakuipata.

Sasa chumvi yenyewe. Siku hizi naendesha lori, na barabara ya 80 inapita pembeni kabisa ya pale, karibu na Wendover, pana sehemu ya kupumzikia madereva. Mara ya kwanza nilisimama saa 12 asubuhi, nikavuka uzio wa chini nikatembea. Nyeupe mpaka macho yanakataa. Siyo laini kama ile ya kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, ni ngumu, inakwaruza soli, imepasuka vipande vya pembe sita kama mgongo wa kobe, na kingo za kila kipande zimeinuka kidogo. Nikapiga magoti nikavunja ukingo mmoja, nikalamba. Chumvi, na uchungu kidogo nyuma yake. Mbele huoni mwisho. Milima inaelea hewani kama imekatwa miguu. Nikapiga hesabu ya kidereva: kwa mwendo wake, kilomita moja ni sekunde 4. Na sheria inataka uende na urudi ndani ya saa moja, wanachukua wastani wa safari mbili. Kwa hiyo yule mtu akishafika mwisho, amepona, moyo uko kooni, anageuzwa, anajaziwa mafuta, na anapaswa kuitaka tena kwa hiari yake. Mwaka 1965 siku ya ile 927 tairi la nyuma lilipasuka, kibanda kikajaa moshi, akatoka humo haoni vizuri, ndipo wakamwambia rekodi ni yake.

Alipozikwa, walimwekea spana mikononi, kitabu cha injini ya J79, kile alichonyimwa zamani, na chupa ya chumvi ya Bonneville. Bosi wako alikuwa sahihi kwa namna yake.

spanaboi_Gerezani

Supu nimekula. Bosi kalipa chapati tatu, moja kasema ni ya yule mzee aliyenyimwa kitabu. Sasa hivi anamsimulia kila mteja kana kwamba alikuwepo.

Mzee, kesho asubuhi nina Canter, beringi za mbele. Baada ya hiyo ya Kitonga mikono imekufa ganzi. Nati naikaza kiasi gani?

Mzee_wa_Kitonga

Inua, zungusha tairi kwa mkono wa kushoto huku unakaza kwa kulia, taratibu, mpaka ulisikie linaanza kuwa zito. Hapo beringi imekaa. Kisha rudisha nati nyuma mpaka tairi lizunguke bure, ulishike juu na chini ulitikise: likicheza waziwazi kaza nukta moja, likikaa kimya kabisa legeza nukta moja. Kota pini, ile inayozuia nati isilegee, weka mpya, usirudishie ya zamani hata kama bosi anasema bado nzima. Halafu endesha kilomita 5, simama, weka kiganja kwenye hab, pale katikati ya gurudumu. Ukiweza kukiacha hapo, mpe mteja gari lake.